Namna ya Kumfidia Mpangaji Nyumba Inapokarabatiwa: Mwongozo kwa Wenye Nyumba na Wapangaji wa Dar es Salaam

Mwenye nyumba anayetaka kubadilisha bati, kufumua mabomba au kuweka vigae upya huketi na fundi wakaandika orodha ya mahitaji: mifuko ya saruji, mchanga, misumari, rangi, ujira wa fundi na wa saidia fundi. Katika orodha hiyo hukosekana, karibu kila mara, fedha ya mpangaji atakayelala kwenye vumbi, atakayechota maji kwa jirani na atakayepikia uani kwa siku ambazo amekwisha kuzilipia. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba fidia ya mpangaji ni gharama ya ukarabati kama zilivyo gharama nyingine, na kwa hiyo ihesabiwe kabla kazi haijaanza, iandikwe, na ilipwe bila mpangaji kulazimika kuiomba.

Hapa Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu kodi ya pango hulipwa mbele, mara nyingi kwa miezi mitatu, sita au mwaka mzima. Mpangaji anayelipa kila mwisho wa mwezi anaweza kukataa kulipia siku alizokosa choo au paa, lakini aliyelipa miezi sita mbele hana kitu mkononi cha kujadiliana nacho, kwa kuwa fedha imekwisha kuingia kwa mwenye nyumba na pengine ndiyo hiyohiyo inayonunulia bati. Hiyo ndiyo sababu mwenye nyumba mwenye dhamira njema anapaswa kuwa wa kwanza kulizungumza suala hili.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mahusiano ya upangaji sasa yanaongozwa hasa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, pamoja na mkataba wenyewe. Sheria ya Ardhi inahesabu kuwa kila mkataba wa pango una ahadi kadhaa za mwenye nyumba hata kama hazikuandikwa. Mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Pale iliyopangishwa ni sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni wajibu wa mwenye nyumba kuzitunza. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata ikawa haifai kukaliwa, kodi husimama yote au kwa kiwango kinacholingana na uharibifu mpaka nyumba ifae tena. Mwenye nyumba naye ana haki ya kuingia kukagua na kukarabati, ila kwa wakati unaofaa na bila kuvuruga matumizi ya mpangaji kupita kiasi.

Sheria haitoi jedwali la kuonyesha shilingi ngapi zilipwe kwa siku ngapi za vumbi. Viwango ninavyovitaja humu ni mapendekezo yangu, na wahusika wanaweza kuvipandisha au kuvishusha kwa makubaliano, ilimradi wawe na msingi wanaoweza kuueleza mbele ya mtu wa tatu.

Hatua ya 1: Tambua kazi ni ya aina gani

Kazi za dharura, kama bomba lililopasuka, waya uliowaka au choo kilichofurika, hazingojei taarifa ndefu. Mpangaji hulipwa kwa siku alizokosa huduma, kuanzia siku alipotoa taarifa ya uharibifu. Siku ya fundi kufika isitumike kama mwanzo wa hesabu, kwa sababu mwenye nyumba anayechelewa wiki mbili kumleta fundi bomba asipunguziwe gharama kwa uzembe wake.

Matengenezo ya kawaida ni yale yanayotokana na umri wa nyumba: bati lililooza kwa chumvi ya upepo wa bahari, plasta inayobanduka, shimo la choo lililojaa. Haya ni wajibu wa mwenye nyumba, na mpangaji anafidiwa kwa kadiri alivyopoteza matumizi.

Uboreshaji ni kitu kingine. Mwenye nyumba anapoweka marumaru mahali palipokuwa na sakafu nzuri ya saruji, au anapoondoa madirisha ya nondo na kuweka ya alumini ili apandishe kodi mkataba utakapokwisha, mpangaji anabeba usumbufu kwa faida isiyo yake, na pengine faida hiyo ndiyo itakayomhamisha. Kwa maoni yangu fidia ya kazi ya namna hii inapaswa kuwa mara moja na nusu ya ile ya matengenezo ya kawaida, na mpangaji ana haki ya kuomba kazi isubiri mpaka mkataba wake uishe. Kodi isipandishwe katikati ya mkataba kwa kisingizio cha ukarabati.

Mwisho kuna uharibifu uliosababishwa na mpangaji mwenyewe, mfano sinki lililovunjwa au mfereji ulioziba kwa matambara. Huyo hafidiwi. Wapangaji wenzake wanaopata taabu kwa kosa hilo wanafidiwa na mwenye nyumba, ambaye baadaye ataelewana na mkosaji. Asiwaache wapangaji wadaiane wao kwa wao uani.

Hatua ya 2: Chagua wakati na utoe taarifa

Kazi ya paa ifanywe kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli. Anayefumua bati mwezi Aprili akitegemea turubai anajitafutia deni la godoro, televisheni na vyeti vya shule vya watu wengine. Aidha ziulizwe hali za watu wanaoishi humo: nyumba yenye mtoto wa darasa la saba isipigwe nyundo siku za mtihani mwezi Septemba, na yenye mtahiniwa wa kidato cha nne isipigwe mwezi Novemba. Katika mwezi wa Ramadhani jiko na maji visikatwe alasiri, wakati futari inapoandaliwa. Mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku hulala mchana, na kwake kelele za saa nne asubuhi ni sawa na kelele za saa nane usiku kwa wengine.

Taarifa itolewe kwa maandishi, siku kumi na nne kabla kwa kazi ya kawaida na siku thelathini kwa kazi itakayomlazimu mpangaji kuhama kwa muda. Itaje kazi, vyumba vitakavyoguswa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi, jina la fundi mkuu, na kiasi cha fidia kinachopendekezwa. Mfano wake ni huu:

"Ndugu mpangaji wa chumba namba 3, salaam. Napenda kukujulisha kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 7 Julai hadi Jumamosi tarehe 12 Julai nitabadilisha bati na dari juu ya chumba chako. Mafundi watafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Katika siku hizo hutaweza kukitumia chumba, na nimekuandalia chumba namba 6 ambacho kiko wazi. Napendekeza kukulipa fidia ya siku sita kama ilivyokokotolewa kwenye karatasi iliyoambatishwa, na gharama ya kuhamisha vitu vyako ni juu yangu. Naomba tuonane Jumapili hii jioni ili nisikie maoni yako kabla hatujatia saini."

Anayetuma ujumbe wa simu usiku akisema "kesho mafundi wanakuja, toa vitu" hajatoa taarifa. Kumtuma dalali aliyempata mpangaji miaka miwili iliyopita nako hakutoshi, kwa sababu dalali si mhusika wa mkataba na hatakuwepo wakati wa kulipa.

Kwa kazi inayogusa muundo wa jengo, mwenye nyumba apate kwanza kibali cha halmashauri yake, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, na mpangaji ana haki ya kuomba kukiona. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani. Nguzo, msingi au ukuta unaobeba jengo visiguswe watu wakiwa bado wanaishi au kufanya biashara humo. Hapo hakuna fidia ya usumbufu inayoweza kuchukua nafasi ya kuwahamisha, na mpangaji akilipwa ili akubali kubaki, amelipwa ili ahatarishe maisha yake.

Hatua ya 3: Kagueni pamoja na mpige picha

Siku moja au mbili kabla ya kazi, mwenye nyumba na mpangaji wapite chumba kwa chumba. Wapige picha za kuta, sakafu, vitasa, kabati, friji, televisheni na godoro, kila mmoja abaki na nakala kwenye simu yake. Waandike namba inayosomeka kwenye mita ya LUKU na ile ya mita ya maji. Vitu vya thamani ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa mwenyewe, kama vyeti, dhahabu na fedha taslimu, mpangaji avitoe mwenyewe na avihifadhi pengine, maana mlango utakuwa wazi na watu wageni watapita.

Paa la zamani lililoezekwa kwa mabati ya asbesto linahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa vumbi lake linapovutwa huharibu mapafu na linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Mabati hayo yasivunjwe kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno watu wakiwa karibu, na familia nzima ihame mpaka mabaki yaondolewe na sehemu isafishwe kwa maji.

Hatua ya 4: Kokotoa fidia

Fidia ina mafungu matatu, na ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu huyachanganya. Fungu la kwanza ni matumizi yaliyopotea, yaani sehemu ya kodi iliyolipiwa pasipo kutumika. La pili ni gharama ambazo mpangaji ametoa mfukoni kwa sababu ya kazi. La tatu ni hasara ya mali iliyoharibika au kupotea. La kwanza na sehemu kubwa ya la pili hukadiriwa kabla ya kazi, ila la tatu huhesabiwa baada yake, na halipaswi kumezwa na yale mawili. Mwenye nyumba hawezi kusema kwamba fidia aliyolipa ilikwisha kujumuisha televisheni iliyoangukiwa na mbao.

Kwa fungu la kwanza, gawanya kodi ya mwezi kwa 30 upate kodi ya siku, kisha uipe kila sehemu ya nyumba uzito wake. Tuchukulie nyumba ya Tabata yenye vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, inayolipiwa shilingi 360,000 kwa mwezi, yaani shilingi 12,000 kwa siku. Chumba kikuu cha kulala kipewe asilimia 25, chumba cha pili 20, sebule 20, jiko 15, choo na bafu 20. Kazi ni ya siku 15. Kwa siku 6 za kwanza vyumba vyote viwili vya kulala havikaliki, hivyo mpangaji anapoteza asilimia 45, ambayo ni shilingi 5,400 kwa siku na shilingi 32,400 kwa siku zote sita. Siku 4 zinazofuata sebule inafanyiwa kazi, asilimia 20, jumla shilingi 9,600. Kisha choo na bafu vinafumuliwa kwa siku 3.

Kwa choo naweka kanuni tofauti. Kikifungwa pasipo kuwepo kingine cha kutumia, mpangaji arudishiwe kodi ya siku nzima na si asilimia 20, kwa sababu mtu hawezi kuishi katika nyumba isiyo na choo hata kama vyumba vyake vyote vimepakwa rangi mpya. Siku 3 hapo ni shilingi 36,000. Siku 2 za mwisho ni za rangi na usafi, vyumba vyote vinatumika ila kuna harufu na fujo, na kwa hizo asilimia 10 inatosha, yaani shilingi 2,400. Jumla ya fungu la kwanza ni shilingi 80,400.

Fungu la pili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalomuuma mpangaji kwa sababu ni fedha inayotoka kila siku. Mashine ya kuchomelea, grainda na drili vikichomekwa kwenye umeme wa mpangaji, uniti zake zinakwisha mara mbili au tatu ya kawaida. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo ya nyumbani, ambayo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, anaweza kuvuka kikomo hicho kwa sababu ya kazi isiyo yake na akaanza kulipa bei ya juu kwa kila uniti. Ndiyo maana mita isomwe kabla na baada. Ikiwa familia ilikuwa ikitumia uniti 3 kwa siku na sasa inatumia 7, tofauti ni ya mwenye nyumba. Njia iliyo safi zaidi ni fundi kutumia mita ya mwenye nyumba au jenereta. Maji ya kuchanganyia zege na kulowekea kuta nayo yasitoke kwenye simtanki la wapangaji bila kulipiwa. Ongeza hapo ndoo au madumu waliyonunua maji yalipokatwa, nauli ya kwenda kuoga kwa ndugu, chakula cha kununua kwa siku ambazo jiko halikutumika (toa kile ambacho familia ingetumia nyumbani kwa kawaida), na kirikuu iliyobeba kabati na friji kwenda na kurudi. Katika mfano wetu tuseme umeme ni shilingi 9,000, maji 6,000 na usafiri wa vitu 40,000. Pamoja na fungu la kwanza mpangaji anastahili shilingi 135,400.

Mwenye nyumba atakayeona kiasi hicho ni kikubwa akilinganishe na bajeti nzima ya bati, mbao, vigae na ufundi. Na kama bajeti haikibebi, basi ukarabati wenyewe haujaiva, ungoje.

Katika nyumba za kupanga chumba kimoja kimoja, kama zile za Manzese, Tandale au Mbagala ambako vyumba sita vinatumia choo kimoja cha nje, hesabu ni ndogo kwa kila mtu lakini kanuni ni ileile. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi ni takribani shilingi 1,700 kwa siku. Choo kikifungwa siku tano ili shimo lijengwe upya, mwenye nyumba aelewane na jirani, amlipe, wapangaji watumie choo cha jirani huyo. Na kwa kuwa kutoka nje ya ua usiku ni taabu na kwa wanawake na watoto ni hatari, kila chumba kirudishiwe nusu ya kodi ya siku, shilingi 850, kwa siku tano, yaani shilingi 4,250. Vyumba sita ni shilingi 25,500. Kwa fedha hiyo mwenye nyumba anapata siku tano za kufanya kazi bila manung'uniko, na mzee au mjamzito wa humo ndani aandaliwe utaratibu wake wa pekee, pengine chumba kwenye nyumba nyingine yenye choo karibu.

Hatua ya 5: Mpangaji anayefanya biashara

Fremu ya duka, saluni, cherehani barazani na jiko la mama lishe vina hesabu ya ziada, kwa sababu kinachopotea ni kodi pamoja na riziki ya siku. Mfanyabiashara aonyeshe kumbukumbu za mauzo za mwezi uliotangulia, iwe daftari, risiti za mashine au miamala ya simu, na kifidiwe kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za bidhaa. Mauzo yote si faida. Asiye na kumbukumbu wakubaliane kiasi cha siku mbele ya mtu wanayemwamini wote wawili. Mara nyingi inafaa zaidi kumtafutia sehemu ya kuuzia kwa muda mtaa uleule, ili wateja wasimpotee, kuliko kumlipa akae nyumbani.

Mpangaji wa biashara anayekata zuio la asilimia 10 (kodi ya serikali) kwenye kodi ya pango na kuliwasilisha TRA ahakikishe punguzo la kodi ya pango limeandikwa rasmi, ili kiasi alichozuia kilingane na kiasi kilicholipwa kweli.

Hatua ya 6: Ikibidi kuhama kwa muda

Nyumba isiyokalika kabisa inaondoa kodi yote kwa siku hizo, na juu yake mwenye nyumba anabeba tofauti ya gharama ya malazi ya muda. Mpangaji akienda gesti ya shilingi 25,000 kwa usiku wakati kodi yake ya siku ni shilingi 10,000, mwenye nyumba anarudisha ile 10,000 na kuongeza 15,000. Gesti iwe ya hadhi inayolingana na nyumba aliyotoka. Mpangaji akichagua kukaa kwa dada yake Kimara, arudishiwe kodi yake yote na apewe kiasi cha kuchangia chakula na nauli, kwani ndugu kumpokea mtu si sababu ya mwenye nyumba kubakiwa na fedha.

Jambo lisiloachwa hapa ni haki ya kurudi. Wapo wanaotumia ukarabati kama njia ya kumtoa mpangaji bila notisi: vitu vinatolewa, rangi inapakwa, na baada ya wiki mbili chumba kina mtu mwingine mwenye kodi ya juu zaidi. Kwa hiyo makubaliano yaandike tarehe ya kurudi, kodi itakayoendelea kuwa ileile mpaka mwisho wa mkataba, na funguo za nani zinabaki kwa nani. Mpangaji asiondoke na vitu vyake vyote kabla ya karatasi hiyo kusainiwa.

Hatua ya 7: Andikeni na mlipane

Karatasi moja inatosha. Iwe na majina ya pande mbili, anwani ya nyumba, kazi na tarehe zake, jedwali la fidia, namna ya kulipa, kiwango cha siku za ziada kazi ikichelewa, na sahihi za mashahidi wawili. Ikipelekwa ofisi ya serikali ya mtaa ikagongwa muhuri, ni bora zaidi. Kipengele cha kuchelewa kisiachwe, kwa kuwa mafundi wetu wengi hushika kazi mbili tatu kwa wakati mmoja, na akishapewa malipo ya awali anaweza kuonekana leo na asionekane mpaka wiki ijayo. Napendekeza kila siku ya ziada ilipwe kwa kiwango cha siku iliyokuwa ngumu kuliko zote katika kazi hiyo. Mwenye nyumba naye aweke kipengele kama hicho kwenye mkataba wake na fundi, ili gharama ya kuchelewa imfikie aliyechelewesha.

Malipo yanaweza kuwa fedha kwa simu au benki, kupunguza kodi ya kipindi kijacho, au kuongeza siku mwishoni mwa mkataba. Achague mpangaji. Kwa aliyelipa miezi sita na anayetaka kuendelea kukaa, siku za ziada zinafaa, lakini anayehama mwezi ujao hazimsaidii chochote. Fungu la gharama za mfukoni lilipwe kwa fedha tu, na nusu yake itangulie kabla ya kazi. Ujumbe wa muamala utunzwe na upigwe picha, simu isije ikapotea nao. Fidia isikatwe kwenye amana ya mpangaji wala kuchanganywa na madeni ya zamani.

Mwenye nyumba na mpangaji wakae wazungumze kwa heshima inayowastahili. Mpangaji anaweza kuanza hivi: "Mzee shikamoo, nashukuru kwa kutengeneza paa, nimeiona karatasi ya fidia, ila umeme sijauona humo, naomba tuuangalie pamoja." Naye mama mwenye nyumba akisema, "Mwanangu, niambie ni siku zipi zitakuumiza zaidi, tuzipange," nusu ya kazi imekwisha. Lakini maneno mazuri yafuatwe na karatasi.

Hatua ya 8: Siku za kazi na siku ya kukabidhi

Mpangaji aweke daftari dogo la tarehe, sehemu iliyofungwa, saa za kukatika maji au umeme, na fedha aliyotoa. Mwenye nyumba apite kila jioni kuona sehemu iliyoezuliwa imefunikwa na mlango umefungwa. Kazi ikiisha, wapite tena chumba kwa chumba wakilinganisha na picha za mwanzo, wasome mita, wapatanishe makadirio na hali halisi, na kilichoharibika kitengenezwe au kilipwe kwa thamani yake ya sasa. Mabaki ya matofali, misumari na vipande vya vigae ni kazi ya mwenye nyumba kuviondoa. Mpangaji asiachiwe ufagio.

Hatua ya 9: Mkishindwa kuelewana

Mpangaji aandike barua ya madai akiambatisha nakala za picha, daftari, risiti na makubaliano, ampe mwenye nyumba siku saba za kujibu. Asijichukulie hatua ya kukataa kodi yote au kubadilisha kufuli, kwa kuwa atajigeuza mkosaji. Jibu lisipopatikana, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye wa kwanza kuwakutanisha, na mengi humalizikia hapo. Likishindikana, linapelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na ndipo shauri linaweza kufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku thelathini zikipita bila Baraza la Kata kusuluhisha, mdai anaweza kuendelea mbele bila hati hiyo, kwa hiyo ahakikishe tarehe aliyowasilisha lalamiko lake imeandikwa na kugongwa muhuri kwenye nakala anayobaki nayo.